Mivuto Mia Moja na Ishirini

Usiku wa jana niliota, na naanza kwa kukiri kwamba niliota nikiwa bado nimepiga magoti. Nilikuwa nasali kando ya kitanda, nikafika mahali pa kuwaombea wagonjwa, na hapo hapo usingizi ukanichukua, paji la uso likiwa juu ya godoro. Mke wangu anasema nilikoroma katikati ya sala. Mimi naamini niliendelea kusali, ila kwa njia nyingine.

Kabla sijaeleza ndoto, lazima nieleze jambo moja. Nisipolieleza, ndoto haitaeleweka, na mimi nitaonekana mwenye akili kuliko nilivyo.

Nina pumu. Ilinianza nikiwa bado nafanya kazi kiwanda cha mbao, na nilipostaafu ikastaafu pamoja nami, ikahamia nyumbani. Kila mwaka misindano, ile mipaini ya mbao ya mashamba ya huku kwetu, inapomwaga ule unga wake wa njano, unaotanda juu ya mabati na juu ya nguo zilizoanikwa, kifua changu huanza kupiga mluzi. Kliniki walinipa inhela mbili, zile dawa za kuvuta kwa mdomo. Ya bluu ni ya kuokoa mtu anapobanwa. Ya kahawia ni ya kila siku, mivuto miwili asubuhi na miwili jioni, ujisikie vibaya au ujisikie vizuri. Hiyo ya kahawia ina kidirisha kidogo mgongoni kinachoonyesha namba ya mivuto iliyobaki.

Mwezi wa sita nilijisikia vizuri sana. Nikamshukuru Mungu, na hapo sikukosea. Halafu nikaacha ya kahawia. Jumapili moja nikasimama kanisani kutoa ushuhuda, nikaiinua juu watu wote waione, nikasema: "Wapendwa, imebaki mivuto mia moja na ishirini. Na itabaki hiyo hiyo mpaka naingia kaburini!"

Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Nyigu, katibu wa kikundi chetu cha maombi, aliiandika namba hiyo katika daftari la shuhuda, akaizungushia duara.

Kisha unga wa njano ukarudi.

Kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikivuta ya bluu chooni, huku nikikohoa kwa makusudi ili mlio wake usisikike. Mke wangu akiuliza, namwambia ni mafua. Ya kahawia nimeificha ndani ya buti la mvua la mguu wa kushoto, nyuma ya mlango, kwa sababu kiangazi hakuna mtu anayegusa buti. Kuitumia siwezi. Nikivuta tu, namba inashuka. Na jana, Jumamosi mchana, Mzee Nyigu alipita kunikumbusha kwamba Jumapili hii tuna wageni kutoka dayosisi, na nimepangwa kurudia ushuhuda wangu.

"Njoo nayo, Mzee Mligo," aliniambia. "Waione ile mia moja na ishirini kwa macho yao."

Hilo ndilo nililolala nalo. Sasa ndoto.

Niko darasani. Ni lile darasa letu la jioni la watu wazima, katika shule ya msingi, na nimekaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakiwa karibu na masikio. Nina miaka hamsini na nane. Niliacha shule nikiwa darasa la nne, na mwaka juzi nikarudi.

Mwalimu Kihombo anaingia. Ni binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo, baba," ananiambia.

"Marahaba, Mwalimu," naitikia, halafu nasimama wima, kwa sababu ndiyo kanuni ya darasa. Jambo hili hutuchanganya sote wawili hata tukiwa macho.

"Mtihani wa leo ni wa mfumo wa upumuaji," anasema. "Una swali moja tu."

Natazama karatasi. Imeandikwa: *Pumua. Alama 100.*

Nafurahi, maana mada hiyo nimeisoma. Nachukua kalamu na kuandika kwa mwandiko wangu mzuri wa kuegemea kulia: Kupumua ni kitendo cha kuingiza hewa safi na kutoa hewa chafu. Napigia mstari kwa rula.

Mwalimu anasimama nyuma ya bega langu. "Baba, haijaandikwa eleza. Imeandikwa pumua."

Najaribu. Kifua kinapiga mluzi mrefu, kama birika.

"Nani anapiga filimbi darasani?"

Dawati linanyoosha mkono. Sikujua kwamba lina mkono. "Ni huyu mzee, Mwalimu. Wiki ya tatu hii. Na magoti yake yananiumiza."

"Si mimi," nasema. "Ni mafua."

Mwalimu anafungua rejista. "Mafua yupo?"

"Nipo, Mwalimu." Mafua anasimama nyuma ya darasa. Ni bwana mmoja mpole, kofia mkononi, leso shingoni. "Nipo, lakini sihusiki. Mzee huyu ananisingizia tangu unga uanze. Mke wake ananichukia bure. Juzi amenipikia tangawizi kali mpaka nikatokwa machozi, na mimi wakati huo nilikuwa kwa watu wengine kabisa."

Darasa zima linanitazama. Nakaa chini. Dawati linaguna.

"Basi twende tukaangalie wenyewe," anasema Mwalimu, anafungua mlango wa darasa, na mlango ni tundu la kushoto la pua yangu.

Sishangai. Nasema "hodi" tu, maana kuingia hata kwenye pua yako mwenyewe bila hodi si adabu.

"Karibu, ila usikanyage nyasi," inasema sauti.

Ndani kuna mgambo. Wapo kama ishirini, sare zimenyooshwa, kila mmoja ana kirungu na filimbi. Katikati yao wamemweka chini ya ulinzi bwana mmoja mdogo sana, wa mviringo, wa njano, aliyebeba mabegi mawili, moja kila ubavu. Namtambua. Ni chavua, chembe moja ya ule unga wa njano. Mwalimu alituchorea ubaoni, na mabegi yake ni mifuko ya hewa inayomsaidia kuruka.

"Mwizi!" wanapiga kelele mgambo.

"Mimi si mwizi, ndugu zangu," anasema chavua. "Mimi ni mposaji. Natoka kwa msindano mmoja wa kitalu cha kumi na nne, nakwenda kumwona binti wa kitalu cha kumi na tano. Upepo umenikosesha njia. Nionyesheni pa kutokea tu."

"Wezi wote husema wanakwenda kuposa," anajibu kamanda wao, na wanaanza kumpiga.

Kila kirungu kikishuka, mimi ndiye ninayetokwa machozi. Kirungu cha tano napiga chafya, na mgambo wanashikilia kofia zao mpaka upepo upite, kisha wanaendelea.

Jumanne Mwalimu alitufundisha kwamba mzio ni mwili kumdhania mgeni asiye na kosa kuwa ni adui. Niliandika, nikapata vema kubwa nyekundu, nikaenda kumwonyesha mke wangu. Sikujua kwamba Mwalimu alikuwa anawasema watu ninaoishi nao.

"Kamanda," nasema, "mwachieni. Hana kosa."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye mwenye pua."

"Kitambulisho."

Napapasa mifuko. Napata karatasi moja tu, ratiba ya ibada. Kamanda anaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kama nilivyokuwa nasoma mimi mwaka juzi. "Ushuhuda: Mzee Obadia Mligo, aliyepona." Ananirudishia karatasi na kupiga saluti. "Aliyepona. Basi hapa hakuna tatizo lolote. Fungeni mageti!"

Anapuliza filimbi. Ndio ule mluzi wangu. Ndani kabisa, kwenye kina cha kifua, nasikia mageti yakishuka moja baada ya jingine, kwa mlio wa mabati.

"Mkifunga yote," nauliza, "mimi nitapumuaje?"

"Kupumua si idara yetu, mzee. Sisi ni ulinzi."

Naangalia kama Mwalimu amesikia, lakini Mwalimu hayupo. Pua nayo haipo. Niko kwenye korido nyembamba, nyekundu, yenye unyevunyevu, na kuta zake zimevimba kiasi kwamba napita kwa ubavu.

"Pole," naziambia kuta. "Imekuwaje?"

"Tumevimba," zinajibu kuta, kwa sauti ya mgonjwa aliyechoka kuulizwa. "Tangu mwezi wa sita hapa hakufagiliwi."

"Nani alikuwa anafagia?"

"Yule wa kahawia. Alikuwa anakuja asubuhi na jioni, hana kelele, anafagia, anaondoka. Siku moja hakuja. Tukaambiwa amestaafishwa kwa ushuhuda."

Nasogea mbele kwa ubavu. Kuta zinanibana kidogo, kwa namna inayoonyesha kwamba zimenijua mimi ni nani.

Hapo mbele geti moja linagongwa. Anaingia mtu wa zimamoto, kofia ya bluu, ngazi begani, jasho linamtiririka. Anaweka bega kwenye geti, analisukuma, na hewa kidogo inapita. Naivuta kwa uroho.

"Hii ni mara ya sita leo," anasema. Naona sasa kwamba ni inhela yangu ya bluu. "Nakufungulia, nikiondoka tu wanafunga tena. Mimi ni zimamoto, mzee. Mtu akiniita mara moja, nakuja kwa moyo mmoja. Ukiniita mara sita kwa siku, wiki tatu nzima, lazima nikuulize: huko jikoni kwako mnapika nini?"

"Nisamehe," nasema.

"Na jambo jingine, la binafsi. Acha kuniita chooni. Nina heshima zangu. Unanitoa mfukoni, unakohoa kikohozi cha uongo, unanivuta, unanirudisha na harufu ile. Nimekukosea nini?"

"Yule wa kahawia yuko wapi?"

Zimamoto anapandisha ngazi begani. "Ulipomweka ni wapi?"

Niko ndani ya buti.

Ni buti langu la kushoto, lakini kubwa kama ghala, na linanuka mvua za mwaka jana. Mwisho kabisa, kwenye vidole, amekaa mzee mmoja mwenye sare ya kahawia, fagio limelazwa magotini. Buibui amemfungia uzi kutoka bega moja hadi jingine. Mgongoni ana kidirisha, na katika kidirisha namba inang'aa: 120.

"Shikamoo, Mzee Mligo," anasema. Amefungwa gizani na bado ananiamkia.

"Marahaba. Habari za humu?"

"Nzuri tu. Kuna giza kidogo. Na soksi."

Naangalia. Kweli ni soksi yangu, niliyoitafuta tangu Pasaka.

"Nimekuja kukuomba msamaha," namwambia. "Vilevile nimekuja kukuomba ukae humu mpaka Jumapili jioni. Wageni wakishaondoka, nitakutoa."

"Wageni wanataka nini?"

"Wanataka kuiona namba yako. Wakute ni mia moja na ishirini. Watatukuza Mungu."

Mzee wa kahawia anafikiri. Buibui anasubiri pia.

"Mimi kazi yangu ni kushuka," anasema mwishowe. "Siku niliyotoka kiwandani nilikuwa mia mbili. Ningekwenda mpaka sifuri, nikatupwa, akaja mwingine, nawe ungekuwa unapanda mlima wa kwenda kanisani bila kupumzika njiani. Leo unataka nisimamishwe jukwaani nipigiwe vigelegele kwa kukaa bure. Mimi sina tatizo. Ila hata mimi najiuliza, kinachotukuzwa hapo ni nini?"

Natafuta jibu. Natafuta hata kwenye soksi.

Kabla sijalipata, buti linatikisika. Mguu unaingia kutoka juu, mguu mkubwa wenye kiatu chake tayari, na sauti ya Mzee Nyigu inasema, "Tumechelewa, Mzee Mligo, tumechelewa." Ametuvaa. Anatembea nasi hatua ndefu, mimi na mzee wa kahawia tunagongana vichwa na kuombana radhi mpaka anapofika anapokwenda.

Ni kanisani. Limejaa misindano.

Imekaa kwenye mabenchi, mirefu, imevaa vizuri, wanaume upande wa kulia na wanawake upande wa kushoto. Kwaya inasimama. Kila besi inaposhuka, wingu la njano linapanda mpaka darini.

"Wapendwa," nasema kwa sauti ndogo, "samahani, mngeweza kuimba bila kumwaga unga?"

"Huu ni msimu wetu, mzee," unasema msindano wa karibu, kwa upole kabisa. "Hatukuchukii. Hata hatukujui."

Mzee Nyigu anapanda mbele na daftari. "Sasa tutamsikiliza Mzee Obadia Mligo, aliyepona."

Natembea kwenda mbele. Inhela ya kahawia iko mkononi mwangu, ndogo, na kidirisha chake kinaonekana mpaka mlangoni. Nafungua mdomo nitoe ushuhuda. Unatoka mluzi.

"Wimbo mpya!" wanasema misindano, na wanaupokea kwa sauti nne.

Najaribu tena. Mluzi unapanda. Wanaongeza ubeti. Unga unashuka kama mvua, mgambo ndani wanafunga mageti yaliyosalia, na naona kucha zangu zinageuka rangi ya kofia ya zimamoto. Kila ninavyozidi kukosa hewa, wao wanazidi kubarikiwa. Mmoja amelia.

Katika benchi la mbele amekaa mke wangu, Anjelista. Ni yeye peke yake asiyeimba. Anashona kitambaa cheusi.

"Mama Tulizo," namwita kwa midomo tu, "unashona nini?"

"Ya msibani," anasema bila kuinua macho. "Nashona mapema. Wiki ya msiba mafundi wanakuwa na kazi nyingi."

"Msiba wa nani?"

"Si ulisema mwenyewe? Mia moja na ishirini mpaka naingia kaburini. Tuliokaa nyuma tulikusikia vizuri." Anakata uzi kwa meno. "Mimi nilitaka mume, Baba Tulizo. Lakini ushuhuda nao ni kitu."

Wazee wanne wa kanisa wanaingia na sanduku la mbao za msindano. Nimefanya kazi kiwandani miaka thelathini na moja, nikilitazama sanduku naweza kusema linamfaa nani. Hili linanifaa mimi.

"Karibu," linaniambia sanduku. "Mimi pia natokea kitalu cha kumi na nne."

Hapo nikaogopa. Mpaka wakati huo nilikuwa naona aibu tu, na nikidhani aibu ndiyo jambo kubwa. Nikaanguka magoti mbele ya wote, na kwa pumzi iliyokuwa imebaki, ambayo isingetosha hata kuzima mshumaa, nikasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali.

"Bwana, nipe pumzi."

Kwaya ikanyamaza. Unga ukasimama hewani. Sauti ikatoka, ndogo, yenye adabu, na haikutoka juu. Ilitoka kiganjani mwangu.

"Alishakupa, Mzee Mligo," ilisema inhela ya kahawia. "Ukaiweka kwenye buti."

Mwalimu Kihombo anasimama madhabahuni, chaki mkononi. "Swali ni lile lile, baba."

"Nimelisahau jibu, Mwalimu."

"Tutakwenda hatua kwa hatua. Mwite kwanza wa bluu, maana umebanwa. Mwite hapa, mbele ya watu."

Namwita. Zimamoto anakuja kwa mara ya saba, lakini safari hii anakuja amenyoosha kifua, anapita katikati ya mabenchi akiitikia salamu. Anasukuma geti. Hewa inapita. Misindano inasema "aaa" kwa pamoja.

"Sasa huyu wa kahawia. Tikisa."

Natikisa inhela, na kanisa lote linatikisika. Mabenchi yanaruka, kofia zinaanguka, Mzee Nyigu anakumbatia nguzo.

"Toa pumzi yote nje. Usipotoa, utaingiza wapi?"

Natoa. Unatoka unga. Unatoka mluzi. Anatoka bwana Mafua, anaomba radhi kwa kupita njia isiyo yake. Kinatoka kile kikohozi cha uongo cha chooni. Vinatoka vigelegele vya mwezi wa sita, kimoja kimoja, bado vina joto. Na mwisho kabisa, kwa shida, kama mwiba wa samaki, inatoka mia moja na ishirini.

"Yote?"

"Yote, Mwalimu."

"Sasa bonyeza na uvute polepole. Siyo vile unavyofanya siku zote."

Nikaona haya. Siku zote nilikuwa napuliza dawa juu ya ulimi na kuimeza, nikishangaa mbona ina ladha mbaya. Safari hii navuta taratibu, kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kirefu.

"Shika mpaka kumi."

Moja. Niko kwenye ngazi, nashuka ndani ya kifua changu. Mbili. Tatu, mgambo mmoja anaweka kirungu chini na kujinyoosha mgongo. Nne. Tano, geti linapanda nusu na kukwama. Sita. Saba, kamanda anamkung'uta chavua vumbi, anampa mabegi yake na kumwonyesha kidole: "Utapita puani, kata kulia, kitalu cha kumi na tano kiko ng'ambo ya barabara. Wasalimie wakwe." Nane. Tisa. Kumi. Mzee wa kahawia anapitisha fagio ukutani, chwa, chwa.

"Taratibu," zinasema kuta. "Panauma."

"Leo sitafanya mengi," anazijibu. "Usitegemee makubwa. Nitakuja kesho asubuhi. Na kesho jioni. Na keshokutwa. Tutaelewana."

"Mara ya pili, baba," anasema Mwalimu.

Natikisa, natoa, navuta, nashika. Kumi.

Natazama kidirisha. 118.

Mzee Nyigu anafungua daftari la shuhuda, analowesha kidole kwa ulimi, anaipata ile namba yenye duara.

"Nifute?" ananiuliza.

"Usifute. Andika nyingine chini yake."

"Na maelezo niandike nini?"

Nafungua mdomo nimweleze, lakini Mwalimu Kihombo ananipa kikombe cha maji. "Sukutua kwanza, baba. Huwa unasahau."

Nasukutua. Natema.

Nikaamka.

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Shingo imekakamaa, alama ya mshono wa shuka usoni, na dirishani kumekucha. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani ananitazama.

"Umerudi?" aliniuliza.

"Kwani nilikwenda wapi?"

"Sijui. Kulikuwa na giza. Nimesikia unagonga ubao wa kitanda kwa kidole, polepole, mara kumi. Ukanyamaza. Ukagonga tena mara kumi. Ukanyamaza zaidi. Nikasema basi, Anjelista, umekuwa mjane, na mwenyewe huna hata nguo nyeusi."

Nikacheka, na kicheko kikatoka na mluzi, mdogo. Sikumwambia ni mafua. Nilinyanyuka kwa kushika kitanda, magoti yakalia yote mawili, nikaenda nyuma ya mlango.

Buti lilikuwa mahali pake. Nikaingiza mkono. Nikatoa soksi, ile niliyoitafuta tangu Pasaka. Nikaingiza mkono tena nikaitoa inhela ya kahawia, nikaisogeza dirishani, nikaikung'uta utando wa buibui. Macho yangu yanahitaji mwanga mzuri kwa maandishi madogo, kwa hiyo niliisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, kama tunavyofundishwa.

Mia moja kumi na nane.

"Mama Tulizo, umegusa buti langu?"

"Mimi niingize mkono kwenye buti, na nyoka walivyo wengi?"

Nilikuwa bado nimesimama pale dirishani tuliposikia hodi. Mzee Nyigu, koti jeusi, tai, daftari kwapani. Kwenye mabega alikuwa na unga wa njano kidogo kutoka njiani.

"Bwana asifiwe, Mzee Mligo!"

"Amina, Mzee Nyigu. Karibu."

"Nimeona nikupitie, twende pamoja. Wageni wameshafika. Umeiandaa ile ya mia moja na ishirini?"

"Hii hapa," nilimwambia. "Nipe dakika mbili."

Nikatikisa. Hakuna kofia iliyoanguka. Nikatoa pumzi mpaka mwisho, nikaweka mdomo, nikabonyeza, nikavuta taratibu, nikashika, huku nikigonga kizingiti cha dirisha kwa kidole. Mzee Nyigu akatazama kile kidole mpaka kumi. Nikapumzika, nikarudia. Safari hii mke wangu alihesabu nami, kwa sauti, kutoka kitandani. Kisha nikachukua kikombe, nikasukutua, nikatema nje dirishani.

Mzee Nyigu akashusha daftari kutoka kwapani. "Mzee," alisema, "umefanya nini? Na ushuhuda?"

Nikamwonyesha kidirisha. Mia moja kumi na sita.

"Ushuhuda upo," nilimwambia, nikaitia mfuko wa juu wa koti, mahali inapoonekana. "Umepungua mivuto minne tu. Twende, nitakueleza njiani imekwenda wapi."